Re: Katoka jeshini, kozi ya ubodigadi ya nini tena?
Kakangu, mi naona kozi anaihitaji sana, maana jeshini kafunzwa kumkabili adui lakini bodigadi kazi yake ni kumfunika bosi na kumtoa pale haraka, bunduki ni mwisho kabisa. Tena kazi kubwa hufanyika bosi hajafika. Hapa Lamu mgeni anashuka uwanja wa ndege wa Manda, anavuka kwa boti mpaka jeti, halafu ni vichochoro, gari hamna, punda tele, so lazima ushapita njia zote mapema, nahodha unamjua na hospitali ya King Fahd unajua utamfikishaje bosi akiumia. Kozi ya shabaha tupu asilipe. Na cheti hakimpi bastola, leseni inatoka Bodi ya Leseni za Silaha.