Je, barabara ya Dongo Kundu itaua biashara Likoni?

Dada, umeuliza kama shemeji yako afunge kibanda chake pale Likoni, kwenye kivuko cha feri Mombasa, kwa kuwa magari ya kwenda Diani, pwani ya kusini, sasa yanapita Dongo Kundu, barabara inayokwepa feri. Asifunge. Kwanza, anauza nini na nani hununua kwake?

Ni kweli gari likitoka Nairobi linakata Miritini, linavuka madaraja ya Mwache na Mteza, linatokea Kibundani, ng'ambo ya kusini, bila kukanyaga kisiwani Mombasa. Zile kilomita 17 na ushei zimewaumiza hasa wachuuzi wa foleni ya feri, wale wa korosho na maji baridi waliokuwa wakigonga vioo vya magari. Hao wana haki ya kulia, na sijasikia mtu akiwapangia lolote.

Lakini mteja wa mahamri na viazi karai ni mtembea kwa miguu. Huyo hupanda feri bure, asubuhi kwenda kazini kisiwani, jioni kurudi, na Dongo Kundu haimsaidii kitu. Labda daraja lijengwe palepale kivukoni, hapo tutaongea mengine.

Kama anauzia wenye magari, basi ahamie njia ya watembea kwa miguu mapema, kabla nafasi hazijaisha.