Gego la mtoto linacheza, shavu limevimba: ning'oe?

SWALI: Dokta shikamoo. Mtoto wa dada'angu ana miaka 5, wako kijijini huku Kanda ya Ziwa. Wiki mbili zilizopita alianza kusema gego la chini linacheza, bibi yake akasema hayo meno ya utoto acheni yatoke yenyewe, sasa shavu limevimba na juzi naona kama na taya la juu linaanza, ila halii, hana homa, na meno ukiyaangalia hayajatoboka. Fundi meno wa pale sokoni anasema atang'oa mawili kwa elfu kumi. Nimtumie dada hiyo hela au nisubiri mwisho wa mwezi nimlete mjini? (Mjomba, Mwanza)

JIBU: Marahaba mjomba. Hela tuma leo ila iwe nauli, fundi asimguse mtoto, na kama kuna gari la asubuhi wapande kesho. Mwisho wa mwezi ni mbali sana.

Nakwambia kwa nini. Mtoto wa miaka 5 au 6 jino likicheza huwa ni la mbele, magego ya utoto yenyewe yanaanza kuachia kwenye miaka 9 au 10 huko. Na jipu la jino kwa kawaida halina siri, linauma, linamnyima mtu usingizi, na ukimfungua mdomo unaliona jino bovu lenyewe. Sasa huyu gego linacheza, halijatoboka, haumwi, na uvimbe unaongezeka huku mnauona. Sijamuona kwa hiyo sisemi ana kansa, ila kuna kansa moja inayokua haraka inaitwa limfoma ya Burkitt na hiyo lazima iangaliwe kwanza kabla ya kingine chochote, maana uvimbe wake unaweza kuwa mara mbili ndani ya siku moja au mbili tu.

Mimi mwenyewe nimewahi kuingia mkenge hapo. Nikiwa intani kwenye hospitali moja ya wilaya, aliletwa mtoto kama huyo wenu, nikapiga ganzi, nikashika koleo, na koleo hata sikuitumia, gego lilitoka kwa vidole kama unang'oa karanga kwenye udongo uliolowa mvua. Nikafurahi kabisa, nikaandika amoksilini, nikasema mama mrudishe kama kuna shida. Alirudi baada ya siku 9, shavu limefika kwenye jicho na jicho limeanza kusukumwa nje. Daktari mkubwa alimtazama kidogo tu akasema huyu gari la wagonjwa sasa hivi. Alitibiwa akapona, ila zile siku 9 nilizipoteza mimi.

Na huu ugonjwa jinsi ulivyojulikana ni habari ya kwetu kabisa. Mwaka 1957 pale hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amuone mtoto wa miaka 5 amevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuelewa ni nini, akapiga picha. Wiki chache baadaye yuko hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani akaona mtoto mwingine yuko na mama yake nje, uso ule ule. Akatoka na kamera, akampima, akakuta na tumboni kuna vimbe. Mtu mwingine angesema bahati mbaya imejirudia basi, yeye akaenda kufukua mafaili ya wagonjwa, na mwaka 1958 akachapisha habari za watoto 38. Mwaka 1961 akachukua gari la Ford kuukuu na madaktari wenzake wawili, wakaendesha wiki 10, karibu kilomita 16,000, kutoka Kampala mpaka Afrika Kusini na kurudi, kila hospitali wanauliza mmewahi kuona mtoto wa hivi? Ndo wakagundua ugonjwa upo kwenye mabonde na tambarare zenye joto na mvua, ukipanda milimani kwenye baridi unapotea. Yaani ramani yake inafanana na ramani ya malaria!

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, kijana mmoja mtafiti anaitwa Anthony Epstein akasikiliza, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe huo kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye na wenzake Achong na Barr wakaonyesha kirusi ndani ya chembe za uvimbe ule. Hicho ndo kirusi cha Epstein-Barr, ambacho karibu kila mtu huku kwetu anakipata utotoni na hakimfanyi kitu, ila mtoto anayepigwa na malaria mara kwa mara kinga yake inashindwa kukibana, na hapo ndipo mambo yanapoweza kuharibika.

Mkifika hospitali ya Bugando hapo Mwanza semeni hivi hivi mapokezi: taya limevimba, gego linacheza, jino bovu hakuna. Watachukua kipande kidogo cha uvimbe wakipime, watampiga altrasaundi ya tumbo, watapima damu, na wanaweza kuchukua maji ya uti wa mgongo. Ikiwa ndiyo yenyewe, dawa ni kemo, yaani dawa za kuua kansa, wala sio kisu, na mara nyingi shavu linaanza kushuka ndani ya siku chache. Mkiona dripu nyingi msishangae, uvimbe ukiyeyuka haraka uchafu wake wote unakimbilia kwenye figo, zinahitaji maji ya kutosha. Na bibi asilaumiwe, tafadhali, hata mimi mwenye koti jeupe niliona jino tu.

SWALI: Dokta, nasoma udaktari wa meno mwaka wa 4. Ile habari ya mtoto wa India kuwa na meno 526 ni kweli au ni za WhatsApp? Halafu na mimi nina mgonjwa wa ajabu hapa kliniki, nimempiga picha na simu nataka niandike kesi yake. Naanzia wapi? (Mwanafunzi, Dar)

JIBU: Ni kweli. Ni Chennai, mwaka 2019, mtoto wa miaka 7, taya la chini upande wa kulia. Wazazi waliona uvimbe tangu ana miaka 3 ila mtoto hakukubali kupimwa. Wakatoa kifuko cha kama gramu 200, wakakifungua wakakaa masaa wanahesabu, vingine vidogo sana lakini kila kimoja kina umbo la jino. Kitaalamu ni odontoma, yaani uvimbe unaotengeneza vijino, sio kansa, ukitoa umemaliza, na mtoto alibaki na meno yake 21. Ona sasa taya mbili zimevimba, moja imekaa miaka 4 inasubiri, nyingine haisubiri wiki.

Kuhusu mgonjwa wako, wewe umeanza na picha, mimi ningeanza na ruhusa. Ridhaa ya maandishi kwa lugha anayoielewa, na mwambie wazi kwamba picha ikishatoka kwenye jarida hairudi. Kufunika macho kwa kijistari cheusi hakutoshi, majirani wanamjua mtu kwa kidevu. Akiwa mtoto anasaini mzazi. Na hiyo picha itoe kwenye simu, peleka kwenye faili la hospitali, isije ikaangukia kwenye grupu la darasa. Baada ya hapo ndo umtafute mwalimu wako msome kama kuna mwingine ameshaandika kama hiyo, mara nyingi yupo.

SWALI: Wanataka kumuingiza mwanangu kwenye utafiti wa chanjo, baba yake anasema watachukua damu wakauze. Nifanyeje dokta? (Mama wawili, Pwani)

JIBU: Damu ya vipimo ni ya vijiko tu mama, hakuna biashara hapo, ila baba kuuliza ana haki. Kwa mfano, chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 wa nchi 7 za Afrika, Bagamoyo na Korogwe wakiwemo, na ambao hawakupata hiyo walipewa chanjo nyingine yenye faida, hawakuchomwa maji matupu. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Utafiti halali una kibali cha kamati ya maadili, una fomu ya Kiswahili na nakala unabaki nayo, na unaweza kujitoa siku yoyote bila mtoto kunyimwa matibabu. Mpeleke baba mwenyewe akae kwenye benchi awaulize, na la kwanza aulize hivi: mtoto akiumwa saa nane usiku tunampigia nani? Wakikosa namba ya kuwapa, beba mwanao mrudi nyumbani.