Mashoto na bunduki ya SA80

Ndugu, umeuliza kama kutumia mkono wa kushoto kutakukwamisha ukijiunga na jeshi la Uingereza. Hapana, ila jiandae. Magazini, yaani kasha la risasi, ya SA80, bunduki ya kawaida ya jeshi hilo, iko nyuma ya kifyatulio, ndiyo maana mtutu wa milimita 518 unaenea kwenye bunduki ya takriban sentimita 78. Kushuka nayo garini ni rahisi mno. Shida ni maganda ya risasi zilizofyatuliwa: yanarukia kulia, karibu kabisa na shavu. Ukiiegemeza bega la kushoto, ganda la moto litakupiga usoni. Kwa hiyo wote hufundishwa bega la kulia. Mimi pia ni mashoto. Nilizoea kwa kulenga tu, bila risasi, kila jioni. Kama jicho lako la kushoto ndilo lenye nguvu, mwambie mkufunzi mapema, usifiche.