Nina cheti cha uchomeleaji: naanzia wapi kwenye rigi?

Swali: Nina umri wa miaka 24, elimu ya kidato cha nne na cheti cha uchomeleaji vyuma. Nimeomba kazi kwenye kampuni kadhaa za mafuta na gesi, sijajibiwa. Kuna mtu ananishauri nilipie kwanza kozi ya IWCF ya kudhibiti kisima, eti bila hiyo hakuna rigi, yaani mtambo wa kuchimba visima, itakayonichukua. Nifanyeje?

Jibu: Hiyo kozi iache kwanza. Cheti hicho ni cha drila (anayeendesha mashine ya kuchimba) na wasimamizi wake, yaani watu wanaotakiwa kufunga kisima pale gesi inapoanza kusukuma tope la kuchimbia kurudi juu. Kinadumu miaka 2 tu. Utakapofika ngazi ya kukihitaji, hicho ulichonunua leo kitakuwa kimekwisha muda zamani.

Halafu mlango unaobisha siyo wenyewe. Kampuni ya mafuta ina kitalu na leseni, lakini rigi kwa kawaida hukodiwa kutoka kwa mkandarasi wa uchimbaji, na huyo ndiye anayeajiri vijana wa sitahani na wa sakafu ya kuchimbia. Upishi na usafi una mkandarasi wake. Saruji, tope na upimaji wa kisima, vivyo hivyo. Barua zako zielekeze huko.

Kazi ya kuingilia inaitwa rostabauti. Utapakua mizigo, utafunga minyororo kwa ajili ya kreni, utakwangua kutu, utapaka rangi, utaosha sitaha na kuiosha tena. Usiidharau: hapo ndipo wanakuangalia kama unasimama chini ya mzigo unaoning'inia au unauongoza kwa kamba ukiwa pembeni.

Anayefuata ni rafuneki, mtu wa sakafu ya kuchimbia, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Bomba la kuchimbia lina urefu wa karibu mita 9.5. Likizama lote, uchimbaji husimama, kabari za chuma hushushwa kulizunguka ili mabomba yote yaliyo kisimani yasidondoke, nyuzi za skrubu za mwisho wa bomba hupakwa grisi, bomba jipya huletwa juu yake na kukazwa. Rigi mpya zina mashine ya kukaza, na nyingi huunga mabomba matatu matatu, lakini za zamani bado ni koleo kubwa na mikono ya watu. Vidole vingi vimepotelea hapo. Kabari hazisukumwi kwa mguu hata siku moja, hata drila akikupigia kelele uharakishe.

Baada ya hapo kuna mtu wa mnarani, anayepanga mabomba juu na kuangalia pampu na uzito wa tope, kisha drila msaidizi, kisha drila. Ni safari ya miaka.

Zamu ina urefu wa saa 12, mchana au usiku. Baharini wengi hukaa wiki 2 hadi 4 kisha hurudi nyumbani. Kama huwezi kulala mchana baada ya zamu ya usiku, fikiria mapema.

Kuhusu mafunzo: rigi ya nchi kavu haihitaji BOSIET, yaani kozi ya usalama na kujiokoa baharini. Ya baharini huihitaji, na sehemu inayowatisha watu ni ile ya kufungwa mkanda kwenye kibanda cha helikopta ya mazoezi, kinapinduliwa majini nawe utoke kupitia dirishani. Cheti chake hudumu miaka 4. Baadhi ya waajiri huwagharamia waliowachukua, wengine hutaka uje nacho mkononi, kwa hiyo soma tangazo kabla ya kutoa pesa. Na yeyote anayekutumia barua ya ajira kisha anadai ada ya viza au ya vipimo vya afya, huyo ni tapeli. Usimjibu.

Cheti chako cha uchomeleaji ndicho kitakachokutofautisha na wenzako, maana rigi kubwa huwa na mchomeleaji wake. Ila kwenye usaili usijisifu kwa kasi. Kisima chenye gesi na cheche havikai pamoja, kwa hiyo hakuna anayewasha mashine bila kibali cha kazi ya moto, kipimo cha gesi na mtu wa kulinda moto. Ukiulizwa utafanya nini bosi akikuambia uchomelee kabla kibali hakijasainiwa, jibu ni kwamba unasimamisha kazi na kusema kwa nini. Liseme bila kusitasita, kisha eleza ulivyowahi kufanya hivyo karakana, kama uliwahi.