Kabla ya Kuinunulia Baiskeli Rangi

Wiki iliyopita niliandikiwa ujumbe na kijana mmoja wa Muheza aliyeona picha za baiskeli yangu, ile iliyoshika nafasi ya pili katika shindano la mwaka huu la baiskeli zilizoundwa upya. Alinieleza kwamba marehemu baba yake amemwachia baiskeli ya zamani aina ya Raleigh, kwamba anakusudia kuiingiza katika shindano lijalo, na kwamba ana swali moja tu: "Kaka, niipake rangi gani ili waamuzi waione?" Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi, kwa sababu swali hilo ndilo nililoanza nalo mimi miaka miwili iliyopita, na jibu nililojipa wakati ule lilinipotezea mwaka mzima. Namjibu hapa kwa urefu, nikijua kwamba wako wengine wengi wenye fremu iliyoegemezwa ukutani na hamu kama yake.

Baiskeli yangu ilikuwa ya babu, aliyekuwa karani katika shamba la mkonge nje kidogo ya Tanga. Ni Raleigh ya magurudumu ya inchi 28, yenye breki za fito za chuma badala ya waya, ile aina ambayo wazee wetu walipakia mkungu wa ndizi, mgonjwa wa kupeleka zahanati na mtoto wa shule kwa siku moja. Niliikuta Pongwe, nyuma ya banda la kuku, tairi zimeoza na madigadi ya nyuma yametobolewa na kutu, kwani upepo wa bahari ya kwetu hausamehe chuma kilicholala nje. Nilipoiona tu nilianza kuiwazia ushindi. Siku ya pili yake nilikwenda dukani na kurudi na makopo matatu ya rangi nyekundu ya kupuliza, kabla sijanunua hata spana moja.

Niliipaka yote. Nilipaka fremu, foku, madigadi, habu (vile vitovu vya katikati ya magurudumu) na hata ile nembo ya kichwa cha ndege iliyo mbele, chini ya usukani, ambayo babu alikuwa akiifuta kwa kitambaa chake cha mfukoni kila Ijumaa. Kisha siku ya Jumapili, saa saba mchana, niliipeleka Raskazone, nikaiegemeza kwenye mti wa mkungu ulio karibu na maji na kuipiga picha nikiwa nimesimama wima, bahari ikiwa nyuma yake. Nilijiona nimemaliza kazi, nikazituma picha shindanoni. Majibu ya mwamuzi mmoja yalikuwa sentensi moja tu: "Tunaiona bahari, hatuioni baiskeli." Sentensi ile ilinichoma, na sitaficha kwamba bado inanichoma, ingawa leo naweza kukiri kwamba alikuwa na haki ya kuisema.

Nimezitazama tena picha zile mwaka huu na makosa yake yote yako wazi. Jua la saa saba lilikuwa utosini, likafanya upande wa juu wa fremu umeremete na upande wa chini uwe giza tupu. Vivuli vya majani ya mkungu viliangukia fremu kwa mabakabaka, mtu asingeweza kujua rangi inaishia wapi na kivuli kinaanzia wapi. Ule mstari ambapo bahari inakutana na mbingu ulikata katikati ya magurudumu, na njiti za magurudumu zilimezwa na mng'ao wa maji. Kwa kuwa nilisimama karibu na kuinamisha simu, gurudumu la mbele lilionekana kubwa kuliko la nyuma. Zaidi ya yote, nilikuwa nimepiga upande wa kushoto, usio na mnyororo, ilhali kila anayejua baiskeli hutazama kwanza upande wa kulia, kwa sababu huko ndiko iliko mitambo yake.

Nilikaa miezi kadhaa bila kuigusa. Kilichonirudisha kilikuwa kitu kidogo sana. Jioni moja nilichukua kitambaa chenye tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, nikaanza kuitoa ile rangi nyekundu kwenye habu ya nyuma, nikikusudia kuipaka nyeusi. Rangi ilipotoka yalijitokeza maneno Sturmey-Archer, chini yake herufi AW, jina la habu yao ya gia tatu, na kando namba mbili: 64 na 5. Kiwanda hicho cha Nottingham, Uingereza, kilikuwa na desturi ya kugonga mwaka na mwezi juu ya habu zake za gia, kwa hiyo habu niliyoishika ilitengenezwa Mei 1964, mwezi mmoja tu baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Niliketi chini sakafuni. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeifunika tarehe hiyo kwa rangi ya kopo.

Kuanzia hapo nilijua ninachokitaka. Nilitaka baiskeli ambayo mtu akiitazama ajue imetoka wapi na imepita mikononi mwa nani, na nilitaka nyongeza zangu ziwe za mahali hapa. Niliendelea na kitambaa na tina, polepole, shubiri kwa shubiri. Rangi ya kiwandani ya Raleigh ilichomwa katika tanuri na ni ngumu, kwa hiyo ile nyekundu ililainika na kutoka huku kijani cha zamani kikibaki, pamoja na vipande vya mistari ya dhahabu kwenye madigadi. Mahali palipokuwa pamekwanguka sikupaziba kwa rangi mpya, ila nilipapaka mafuta ili kutu isirudi. Kutu ya usukani na ringi niliiondoa kwa karatasi ya foili iliyoviringwa na kuchovywa maji ya ndimu. Siku za kusugua zilikuwa nyingi na zilifanana, kwa hiyo naziruka.

Lakini la ekseli ya katikati, ile inayoshika pedeli, siliruki, kwa sababu hapo ndipo nilipokaribia kuipoteza fremu yenyewe. Kikombe cha gololi cha upande wa kushoto kilikuwa kimelika. Nilinunua kipya dukani na kumpelekea fundi, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, naye alipoona hakiingii kwa mkono akachukua spana ndefu akakisukuma kwa nguvu. Nilisikia chuma kikilia. Hesi, yaani mistari ya skrubu, za Raleigh hizo ni 26 kwa inchi moja, ilhali vikombe vya kawaida vya aina ya Kiingereza vina 24, kwa hiyo vinaanza kuingia vizuri, vinadanganya kwa mzunguko mmoja, kisha vinaanza kula fremu. Nilimzuia mkono. Mizunguko miwili ya kwanza ilikuwa imeshaharibika, na nilirudi nyumbani nikiisukuma baiskeli bila kusema neno na mtu. Siku kadhaa baadaye, katika rundo la chuma chakavu huko Ngamiani, nilipata fremu ya Raleigh iliyopinda lakini yenye vikombe vyake vizima, nikainunua yote kwa bei ya kilo zake. Kikombe kile cha zamani nilikiingiza mwenyewe kwa vidole, nikikirudisha nyuma kila nilipohisi kinakwama, na kilikaa. Mdogo wangu wa Muheza, kisichoingia kwa vidole usikubali kiingizwe kwa spana, awe nani aliyeishika.

Nyongeza zangu zilikuwa tatu. Nilimpa seremala ubao wa mninga, akanitengenezea keria ya vipande vinne vilivyopangwa kwa nafasi, nikaipaka mafuta ya kitani badala ya vanishi ili mishipa ya mti ionekane. Mishikio ya usukani niliizungushia kamba nyembamba ya mkonge, niliyoiloweka kwanza ili ikikauka ijibane yenyewe, kwa heshima ya babu aliyehesabu mafurushi ya mkonge maisha yake yote. Kiti cha ngozi kilichopasuka nilimpelekea fundi viatu, na alikishona upya kwa mkono. Ile habu sikuifungua. Niliidondoshea mafuta mepesi kupitia tundu lake dogo kwa siku tano, nikiizungusha asubuhi na jioni, mpaka siku ya sita nilipovuta kishikio cha gia na kusikia tiki ndogo, laini, na gia ya tatu ikashika. Gia ya pili katika habu hiyo huzunguka moja kwa moja na lile gurudumu dogo la meno linalovutwa na mnyororo, ya kwanza hupunguza mwendo kwa robo, ya tatu huongeza kwa theluthi moja, na zote tatu zilifanya kazi kana kwamba babu aliiegesha jana. Sijawahi kujivunia kitu nilichokifanya kwa mikono yangu kama nilivyojivunia sauti ile.

Sasa picha. Shindano liliruhusu picha sita, na nilitumia jioni nne kuzipata. Nilitafuta ukuta, si mandhari. Nilipata ghala la zamani lililopakwa chokaa, lisilo na dirisha wala tangazo upande mmoja, ambalo kijani cha fremu kilijitenga nalo vizuri. Nilifika saa kumi na moja na kusubiri mpaka jua lilipojificha nyuma ya nyumba za mbele, kwa maana dakika zile ishirini zinazofuata mwanga hutoka kila upande na vivuli vikali hupotea. Niliisogeza baiskeli hatua mbili mbele ya ukuta ili isiutie kivuli. Simu niliishusha mpaka usawa wa habu, nikarudi nyuma hatua saba na kuvuta picha kwa lenzi ya mbali, na magurudumu yote mawili yakawa duara kamili na ya ukubwa mmoja. Upande ulikuwa wa mnyororo. Pedeli ya kulia ilielekea mbele, imelala sawasawa na ardhi. Valvu za kujazia upepo za magurudumu yote mawili zilikuwa chini kabisa, kwa sababu jicho la mwamuzi likiona valvu moja juu na nyingine pembeni linajua mpigaji hakuitazama baiskeli yake.

Kuifanya isimame bila stendi ndiko kulikotutoa jasho. Mpwa wangu alikuwa akiishika, akiiachia na kuruka nje ya picha, na jioni ya kwanza ilianguka mara moja na kukwaruza mshikio. Jioni ya pili nilinunua mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, nikaufunga chini ya kiti na kuupeleka juu kwenye boriti ya paa la ghala lililojitokeza nje, mwingine nikaufunga kwenye usukani. Baiskeli ilisimama yenyewe, na kwenye picha mshipi hauonekani. Picha ya sita niliipiga karibu kabisa: ile habu, mwanga ukitoka ubavuni, tarakimu 64 na 5 zikisimama kwenye chuma chenye mikwaruzo midogo na tone moja la mafuta chini ya tundu. Waamuzi waliitaja picha hiyo kwa jina. Sikuongeza rangi wala kuing'arisha kwa programu yoyote.

Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa baiskeli ambayo kila kipande chake kilitoka dukani kikiwa ndani ya karatasi yake. Ilikuwa nzuri na ilipigwa picha vizuri, na aliyeiunganisha ni mtu wa bidii, lakini siwezi kusema kwamba nimeridhika. Ndugu zangu, tunawaachia wenye mizani ya chuma chakavu wabebe kwa kilo fremu ambazo zilipeleka watoto shule na mavuno sokoni, kisha tunatafuta fedha ya kuagiza vitu vipya ili tuonekane wajenzi. Kujenga ni kukaa na kitu mpaka ukijue. Anayeanza na kopo la rangi anaifunika baiskeli yake kabla ya kuisoma, na picha yake itaonyesha hivyo hata akiipiga kwa kamera ya bei gani. Nasema hivi nikijua kwamba mimi ndiye niliyefanya hivyo kwanza.

Tena nilipopewa alama zangu niligundua kwamba haikuwa kazi ya mshindi peke yake iliyonishusha. Kulikuwa na alama za mabadiliko, ambazo hutolewa kwa kulinganisha picha ya baiskeli kabla ya kazi na picha baada ya kazi, na hapo sikupata hata moja. Sina picha ya Raleigh ya babu kama nilivyoikuta Pongwe, na manyoya ya kuku kwenye njiti, na ile nembo bado ikiwa na rangi yake. Nilikuwa na simu mfukoni siku ile, lakini nilikuwa na haraka ya kwenda dukani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, rangi iache kwanza. Kesho jioni, jua likishashuka, itoe Raleigh ya mzee nje kama ilivyo, na vumbi lake na utando wake wa buibui, uisimamishe mbele ya ukuta mtupu na kuipiga picha upande wa mnyororo kabla hujaigusa kwa kitambaa. Kisha chukua mafuta ya taa kidogo, ufute habu ya nyuma taratibu, na uniandikie tarakimu utakazozikuta.