Kisu kipya cha dukani bado hakijanolewa

Nenda Kariakoo kwenye maduka ya vyombo usimame tu uangalie watu wanavyonunua visu. Karibu wote wanapitisha kidole gumba kwenye makali, wanaguna kidogo, wanaanza kuomba punguzo. Muuzaji naye mjanja, ana gazeti pembeni, anakukatia kipande hewani fyaa, mteja kaisha, hela imetoka. Na kisu kinakata kweli sikatai, ila kikikaa nyumbani wiki chache nyanya inaanza kubonyea badala ya kukatika, halafu lawama zote zinaenda kwa Wachina.

Mi nasema hivi, ukali wa kiwandani usiutumie kuchagulia kisu kabisa. Unakwambia kitu kimoja tu, kwamba kabla hakijaingia kwenye boksi kuna mashine ilikipitisha kwenye mkanda wa msasa. Chuma chenyewe kikoje, bapa nene au jembamba, kitashika makali au hakitashika, hayo yote lile gazeti halikwambii. Makali ya kweli utayaweka wewe mwenyewe, na si kazi ngumu kiivyo.

Napika shughuli, harusi, arobaini, hitma, kwa hiyo kwangu kisu si pambo. Kitunguu cha pilau kinakuja kwa gunia, na kachumbari ya watu mia nne haitaki kisu cha kubembeleza, kisu butu kinaponda kitunguu kinatoa maji, kachumbari inalowa kabla hata wageni hawajaketi, na wewe mwenyewe unalia machozi mara mbili ya kawaida maana kitunguu kilichopondwa ndo kinachomwaga ule ukali wake wa machoni.

Sa kwa nini ukali wa kiwandani unaisha haraka? Kwa visu vingi vya bei ya chini sababu ya kwanza ni hii. Chuma kikisuguliwa kwenye msasa upande mmoja, pale pembeni kabisa ya makali kinabaki kichuma chembamba sana kimejikunja kuelekea upande wa pili. Kichuma hicho kina ukali wa ajabu, karatasi kinakata vizuri tu, ila hakina nguvu, ukikata kata juu ya mbao ya kukatia siku kadhaa kinalala au kinang'oka, na chini yake hakuna makali yoyote ya maana. Fundi anayenoa kwa utulivu anakiondoa. Kiwanda kinachotoa maelfu ya visu kwa siku muda huo hakina, na kwa nini kihangaike, kisu kimeshakata gazeti.

Unaweza kukiona mwenyewe. Chukua kisu kipya, kilaze bapa lake kwenye kiganja, halafu kwa kidole gumba telezesha kutoka mgongoni kwenda nje kupita makali (kwenda NJE jamani, msije mkasema nimewakatisha vidole, na kamwe si kufuata urefu wa makali). Upande mmoja kidole kinapita laini, upande wa pili unahisi kitu kinakwaruza. Hicho ndo chenyewe. Kama unaogopa tumia pamba, itabaki na nyuzi nyuzi pale penye mkunjo.

Sababu ya pili ni joto. Mikanda ile inazunguka kwa spidi na makali ndo sehemu nyembamba kuliko zote kwenye kisu, kwa hiyo yanapata moto mwanzo, na chuma kilichopata moto kupita kiasi kinalegea. Mafundi wengi wanaonoa watakwambia kisu kipya kinakuwa kizuri zaidi baada ya kunolewa mara ya pili au ya tatu, ile sehemu ya juu kabisa ikishaliwa na jiwe ukafikia chuma kizima.

Ya tatu ndo mbaya zaidi maana haiishi yenyewe, unene. Visu vingi vimeachwa vinene nyuma tu ya makali, hata ukivinoa vikawa wembe bado vikiingia kwenye karoti vinaipasua pwaa badala ya kuikata. Hii ndo ya kuangalia dukani. Achana na kidole gumba, shika kisu ukiangalie kutoka ncha kuelekea mpini, uone bapa linavyoshuka kutoka mgongoni hadi kwenye makali, kama linashuka taratibu hadi jembamba chukua, kama linashuka nene nene halafu mwishoni kabisa limekatwa ghafla kupewa makali, rudisha hata kama kinakata gazeti la leo na la jana.

Na kinachonishangaza ni kwamba kwenye panga hatuna tatizo hili. Hakuna mtu mzima anayenunua panga akategemea likate likitoka dukani. Tangu enzi za yale ya UFI, kile kiwanda cha zana za kilimo pale Ubungo, unanunua panga unanunua na tupa, unakaa chini ya mwembe unalitia makali mwenyewe kulingana na kazi, la kufyekea majani jembamba, la kupasulia kuni nene kidogo. Mzee yeyote kijijini anajua hilo. Ila huyo huyo akihamia jikoni anataka kisu kije kimemaliza kila kitu. Japani visu vingi vya mafundi wa kienyeji vinauzwa vikiwa na makali ya kuanzia tu, ya mwisho anayaweka mwenye duka kwenye jiwe la maji au mpishi mwenyewe, na hakuna anayelalamika.

Kuhusu chuma niseme kidogo. Ugumu wa visu unapimwa kwa kipimo kinaitwa Rockwell, visu vya kawaida vya Ulaya kama vile vya Victorinox vya mpini mweusi viko kwenye 55 au 56 hivi, vya Kijapani mara nyingi vinafika 60 na kuendelea. Kigumu kinakaa na makali muda mrefu ila kikigonga mfupa wa kuku kinamegeka, na kukinoa kunataka jiwe zuri na muda. Laini kinapungua ukali mapema ila kinanoleka chapchap kwenye jiwe lolote. Kwa mapishi yetu ya kugawa kuku mzima, ngisi, muhogo, ndizi mbichi, mi nashauri laini na jembamba kila siku. Hela ya kisu cha Kijapani nunua visu vitatu vya kawaida na jiwe.

Jiwe lenyewe lile la pande mbili la hadwea linatosha kabisa, rangi ya kijivu, upande mmoja chenga kubwa upande mwingine laini. Liloweke maji mpaka liache kutoa mapovu, liweke juu ya kitambaa kilicholowa ili lisiteleze. Huna jiwe, chukua msasa wa maji namba 400 na 1000, bandika kwenye kipande cha tailizi, ni kitu kile kile. Na kama uko safarini au ukweni kuna kikombe cha udongo, kigeuze, ile duara ya chini isiyong'aa inanoa vizuri sana usiidharau.

Engo ndo inawatisha watu na haina maajabu. Kisu chenye upana wa sentimita 4, ukinyanyua mgongo wake sentimita 1 juu ya jiwe uko kwenye digrii 15 hivi, hiyo inatosha kwa mboga na nyama isiyo na mfupa. Cha kukatia vitu vigumu nyanyua kidogo zaidi, sentimita 1 na nusu hivi, unakaribia digrii 22. La muhimu ni mkono usiyumbe, ukianza na engo moja baki nayo. Kwa kisu kipya nina kautaratibu kangu, napaka makapeni nyeusi kwenye makali pande zote, nasugua mara chache halafu naangalia. Wino ukiisha juu tu karibu na bapa na kwenye makali umebaki, umelaza mno, ukiisha pale kwenye makali kabisa na juu umebaki, umenyanyua mno. Humo humo utagundua na jambo lingine la kiwandani, mara nyingi pande mbili hazilingani, kulia wamelaza kushoto wamesimamisha, ndo maana kisu kinapinda kinapokata viazi na wewe unadhani mkono wako una kasoro.

Basi sugua upande mmoja kwa chenga kubwa, kutoka shinani karibu na mpini hadi ncha, presha ya kawaida tu, mpaka uhisi ule mkunjo umetokea upande wa pili urefu WOTE wa kisu. Hapa ndo wengi wanapokosea, wanasugua mara kumi upande huu mara kumi upande ule kama wanahesabu tasbihi, wanaacha kabla mkunjo haujatoka, wanasema kisu hiki kimekataa. Hakijakataa, hujafika kwenye makali, umekuna bega lake tu. Kisu kipya kinene kinaweza kukuchukua hata nusu saa mara ya kwanza, vumilia, ukishakipa umbo lako mara zinazofuata ni dakika tano.

Mkunjo ukitoka geuza, fanya upande wa pili mpaka uhamie huku. Kisha hamia upande laini wa jiwe, punguza presha, mwishoni kabisa unapitisha mara moja huku mara moja huku kwa uzito wa kisu chenyewe tu, bila kukandamiza, hapo unaung'oa mkunjo taratibu, ile kazi ambayo kiwanda hakikuifanya. Malizia kwa mkanda wa ngozi wa suruali au gazeti juu ya tailizi, unavuta kisu kinyumenyume, mgongo mbele makali nyuma. Halafu simama chini ya taa, elekeza makali yakuangalie usoni. Makali mazuri hayaonekani, yanapotea. Ukiona popote panang'aa, hata kidoa kidogo tu, pale ni butu, rudi kwenye jiwe.

Kujaribu mi situmii karatasi wala nywele za mkono. Nyanya iliyoiva, weka kisu juu ya ngozi yake bila kukandamiza, vuta. Kikizama chenyewe kimekubali.

Wale jamaa wa baiskeli wanaopita mtaani na jiwe la kuzungusha kwa pedali nawaheshimu, kwa panga na shoka ni wazuri, na kwa kisu pia kama anatia maji na ana mkono mwepesi. Shida inakuja kwa wa grinda ya umeme, cheche zinaruka, watoto wanashangilia, kisu kinarudi kimepungua nusu kidole na makali yamegeuka rangi. Ukiona bluu pale kwenye makali chuma kimeshalegea, kitakata leo kesho hakuna kitu. Kuelekea Idi ya kuchinja foleni yao inakuwa ndefu na visu vinafanywa harakaharaka, wakati kile ndo kisu kinachotakiwa kunolewa vizuri kuliko vyote, tumeambiwa mchinjaji anoe kisu chake amstareheshe mnyama. Noa mwenyewe siku mbili kabla, tena mbali na mnyama, asikuone. Na vile vidude vya kuvutia kisu katikati ya vyuma viwili, sipendi, vinachana makali vinaacha yamekwaruzika, utarudia kila wiki mpaka kisu kiishe.

Ukishanoa, utunzaji wake ni mdogo ila wengi hawauwezi. Usikatie kwenye sinia wala sahani wala juu ya sinki la marumaru, mbao au plastiki tu. Usitumie makali kukusanyia vitunguu kwenye kibao, geuza kisu utumie mgongo. Usikitumbukize kwenye beseni la vyombo kigongane na vijiko. Ile fimbo ya chuma wanayopitishia wauza bucha hainoi kivile, inanyoosha makali yaliyolala, ni nzuri kabla ya kazi ila haitakuokoa na jiwe. Cha mkate chenye meno kiache kilivyo, jiwe bapa litayala meno.

Halafu waambie watu wa nyumbani. Hili si utani, mtu aliyezoea kisu butu anakandamiza kwa nguvu zote, na wengi wetu tunakatia kitunguu mkononi, kisu kikizama ghafla kinaishia kiganjani. Changu nimekizungushia tepu nyekundu kwenye mpini, wote wanajua hicho si cha kufungulia kopo la maziwa.