Freni zilinuka tukiteremka Nyungwe: niongeze mafuta tu?

Swali: Papa fundi, jambo. Mwezi uliopita tulienda Huye, Rwanda, na watoto kwa gari letu la otomatiki, usukani wa kulia. Wakati wa kurudi, tulipopita Uwinka, juu ndani ya msitu wa Nyungwe, freni zilianza kunuka kama kitu kinachoungua, kisha pedali ikazama karibu chini kabisa. Tulisimama kwenye mashamba ya chai ya Gisakura, na baada ya nusu saa pedali ikawa nzuri tena. Jirani anasema mafuta ya freni yamepungua, niongeze tu. Watoto wanalilia kurudi msituni. Niongeze, niende? (Mama wa watoto watatu, Nguba, Bukavu)

Jibu: Mama, jambo. Ulifanya vizuri sana kusimama. Lakini usiongeze mafuta ukaondoka, maana hayo hayo ya zamani yatabaki ndani ya mabomba, na ndiyo yenye shida.

Pedali ikizama gari likiwa moto, kisha ikarudi lilipopoa, mafuta yamechemka. Kama yangekuwa yanavuja, yasingerudi yenyewe. Mafuta ya freni (ndugu zetu wa Tanzania wanaziita breki) hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Aina inayoandikwa DOT 4 kwenye chupa, yakiwa mapya, huchemka kuanzia nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi karibu 155. DOT 3 hutoka 205 mpaka 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubonyea. Unakanyaga, mguu unabana mapovu badala ya kubana plaketi (pedi za freni).

Na joto lile lilitoka wapi? Barabara ya Nyungwe hupanda hadi karibu mita 2,500, na ziwa letu la Kivu liko mita 1,460. Gari la tani moja na nusu likiteremka mita elfu moja, nguvu ile yote ikiachiwa freni peke yake, joto lake linatosha kuchemsha maji ya bidoni mbili za lita ishirini. Fikiria bidoni mbili zinatokota ndani ya magurudumu yako. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu kila siku: mteremko mrefu unashikwa na vitesi (gia), mguu unasaidia tu.

Kwenye otomatiki, D haitoshi. Kabla mteremko haujaanza, punguza mwendo, zima O/D (overdrive, gia ya juu kabisa), kisha shusha kwenye 2. Injini italia kwa sauti kubwa. Isikutishe, inafanya kazi yake. Kama gari bado linakimbia, kanyaga freni imara sekunde chache hadi mwendo ushuke, kisha achia kabisa zipoe. Kinachounguza ni ule mguu unaogusagusa pedali kilomita nzima. Na wanaoweka N wakidhani wanaokoa mafuta wanajidanganya: kwenye injini za injeksheni, ukiachia pedali ya mwendo vitesi vikiwa vimeingia, injini huacha kunyunyiza mafuta, lakini kwenye N inaendelea kunywa.

Kabla ya safari, fundi abadilishe mafuta yote ya freni na kutoa hewa magurudumu yote manne, kisha kila miaka miwili arudie. Aangalie pia plaketi: zikishaungua uso wake hung'aa kama kioo na hazishiki tena. Hizo usizisugue na msasa, weka mpya.

Zikinuka tena njiani, tafuta mahali pana mbali na kona, weka P, na weka jiwe mbele ya gurudumu, upande wa mteremko. Usimwagie maji disiki ya moto, inaweza kupinda au kupasuka. Na ukiondoka, toa jiwe lile barabarani. Nimeona magari yaliyovunjika kwa sababu ya mawe yaliyoachwa na watu waliosaidika nayo.

Kuhusu usukani wa kulia: sisi na Rwanda tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo nyuma ya lori huoni kinachokuja mbele. Ndani ya msitu ule usipite lori kabisa. Fuata polepole, taa za chini zikiwaka, kwa sababu ukungu hushuka ghafla.

Msitu wenyewe unastahili mwendo huo. Nyungwe iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023, eneo la kwanza la asili la Rwanda kuingia humo. Waoneshe watoto mgongo wa milima unaogawa maji: mvua inayonyesha magharibi huishia mto Kongo, ya mashariki huishia Nile. Kima hukaa kando ya barabara. Msiwape chakula, watazoea magari na kugongwa.

Mkirudi, pumzikeni Uwinka. Kuna njia inayoning'inia juu ya vilele vya miti, iliyofunguliwa mwaka 2010, na wakati watoto wanaitembea, freni zinapoa. Kabla ya kuondoka pale, kanyaga pedali mara tatu. Ikiwa iko juu na imara, ingiza 2, mteremke.